SOMO LA UJENZI: NONDO IKAE UPANDE GANI?



Zege likishamwagwa, hakuna anayeona kilichomo ndani. Kwa hiyo kamati ya ujenzi, hata isiyo na mhandisi, inapaswa kuelewa jinsi zege na nondo zinavyobeba mzigo. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Madarasa yetu ni madogo, lakini lenta moja ikianguka juu ya watoto ni msiba tosha.

Kubanwa na kuvutwa

Chukua kipande kirefu cha sponji ya godoro. Chora mistari iliyosimama ubavuni mwake, kiweke juu ya matofali mawili, kisha bonyeza katikati. Mistari itakaribiana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Juu panabanwa, chini panavutwa. Lenta iliyo juu ya mlango hufanya vivyo hivyo, ila kupinda kwake ni kudogo mno kuonekana kwa macho.

Zege la kawaida likibanwa hustahimili nyutoni 20 hadi 25 kwa kila milimita ya mraba, yaani uzito wa kilo mbili au zaidi juu ya eneo dogo kama ncha ya kalamu. Likivutwa, uwezo wake ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya hapo, tena hukatika ghafla. Nondo za siku hizi zenye mikwaruzo hustahimili kuvutwa kwa nyutoni 460 hadi 500 kabla ya kuanza kurefuka moja kwa moja. Chuma hurefuka kwanza ndipo kikatike. Hivyo jengo lililopangwa vizuri huonyesha nyufa na kupinda mapema, na watu hupata nafasi ya kutoka.

Upande unaovutwa hubadilika

1. Lenta iliyoegemea kuta mbili: nondo kuu ziwe chini.

2. Boriti inayopita juu ya nguzo ya katikati: nondo kuu ziwe chini kati ya nguzo na nguzo, lakini juu pale inapopita kwenye nguzo.

3. Kibaraza kinachotokeza nje bila nguzo: hapa juu ndiko kunakovutwa. Nondo kuu ziwe juu na ziingie vya kutosha ndani ya jengo. Vibarua wakizikanyaga zikashuka chini wakati wa kumwaga, kibaraza kinaweza kuanguka siku ya kuondoa mirunda.

Kamati ikague nini?

Kabla ya kumwaga, linganisheni nondo na mchoro: idadi, unene na mahali. Nondo zisilale juu ya mbao. Ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ili zifunikwe vizuri, kwani nondo iliyo wazi hupata kutu, hutanuka na kupasua zege.

Angalieni maji. Nusu lita kwa kilo moja ya saruji, yaani lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, ni kipimo kizuri, mkihesabu pia unyevu uliomo kwenye mchanga. Maji yakizidi, kazi huwa rahisi kwa fundi lakini zege hudhoofika.

Baada ya kumwaga, zege limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau. Kwa siku hizo hufikia karibu theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28. Mirunda isiondolewe bila idhini ya mhandisi.

Kwa wafadhili wetu tunaomba hivi: bajeti ya jengo iwe na fungu la mhandisi kufika kabla ya kila umwagaji mkubwa. Ni fedha kidogo ukilinganisha na kubomoa na kujenga upya.

Maswali ya kujadili

1. Katika jengo letu, ni sehemu zipi zinavutwa upande wa juu?

2. Nani atakagua nondo, na nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi?

3. Je, mchoro upo eneo la ujenzi, au umefungiwa ofisini?