Umehama Nyumba? Paka Naye Ahamishwe Kwenye Rejista

Mgeni wa London hakai mahali pamoja. Utaanza na chumba Tooting kwa ndugu yako, mwaka ujao uko Croydon, baadaye Barking, kwa sababu kodi imepanda au mliokuwa mkichangia nyumba mmetawanyika. Kila ukihama unakumbuka kubadilisha anwani benki, kazini na kwa daktari wako. Anayesahaulika ni mbwa au paka, naye kumbukumbu zake zina sheria.

Nchini England kila mbwa aliyetimiza wiki nane anatakiwa awe na chipu chini ya ngozi tangu tarehe 6 Aprili 2016. Paka waliingizwa kwenye sheria tarehe 10 Juni 2024, nao huwekewa kabla ya kutimiza wiki 20. Ukikutwa na mnyama asiye na chipu unapewa siku 21 za kurekebisha, na ukipuuza faini inaweza kufika pauni 500. Kumwekea chipu tu hakukumalizii kazi: jina lako, anwani na namba ya simu viwe vimeandikwa kwenye kanzidata inayotambuliwa na serikali, na viwe vya sasa.

Wengi hudhani chipu inamfuatilia mnyama kwa satelaiti kama gari la kukodi. Haifanyi hivyo. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele, hakina betri, na ndani yake hamna jina lako wala mtaa wako. Kina namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15. Aliyeokota paka humpeleka kwa daktari wa mifugo, mashine inapitishwa mabegani, namba inasomeka, kisha inatafutwa ni kanzidata gani inayo. Hapo ndipo simu inapopigwa. Kama namba iliyoandikwa ni ya laini ya ofa uliyoitupa miezi mitatu baada ya kufika, habari imeishia hapo.

Kwetu mbwa akitoroka Kasarani au Mbezi, watoto wa mtaa watamrudisha kabla ya magharibi, maana wanajua ni wa nani. London jirani wa mlango wa pili huenda hajawahi kukuona uso. Mbwa anayezurura huchukuliwa na halmashauri na kuwekwa siku saba. Zikiisha, anaweza kupewa mtu mwingine, kuuzwa, au hata kuuawa kwa sindano. Ukimpata kabla ya hapo utalipa ada ya kumkomboa na gharama za kila siku aliyolazwa. Paka ana hatari yake: dereva akimgonga mbwa sheria inamlazimisha atoe taarifa, lakini akimgonga paka hailazimishi. Halmashauri nyingi huwapima chipu paka wanaookotwa barabarani, na bila namba ya simu inayopatikana hutajua kamwe kilichompata wako.

Jambo linalotuponza zaidi sisi ni mnyama wa kurithi. Mwenzako anamaliza masomo, anarudi Kampala au Dodoma, anakuachia paka pamoja na sufuria na godoro. Mnaagana, kila mtu anafurahi, na kwenye rejista paka bado ni wa aliyeondoka. Ukijaribu kubadilisha mwenyewe, kwa kawaida kanzidata itamwandikia kwanza yule wa zamani aridhie, tena kwa barua pepe ya chuo iliyokwisha kufungwa. Kwa hiyo maliza uhamisho akiwa bado mjini: akupe namba ya chipu, aingie kwenye akaunti yake aanzishe uhamisho, nawe usubiri uthibitisho wenye jina lako. Hata hivyo, kuandikwa humo kunaonyesha nani anamtunza mnyama. Si hati ya kumiliki. Kama kulikuwa na malipo au makubaliano, yaandikeni kando.

Aliyemleta mbwa au paka kutoka Nairobi au Dar es Salaam ameshapita mlolongo mrefu: chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, damu ipimwe baada ya siku 30 au zaidi, halafu kungoja miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Baada ya yote hayo mtu hudhani chipu inajulikana Uingereza. Haijulikani. Huhitaji chipu mpya ikiwa ile ya nyumbani inasomeka kwa mashine za huku, lakini namba yake lazima uiandikishe kwenye kanzidata ya Uingereza.

Kanzidata ziko nyingi, Petlog ikiwa miongoni mwa zinazojulikana, na zote ni za mashirika au kampuni. Nyingine hutoza kila ukibadilisha anwani, nyingine hulipwa mara moja kwa maisha ya mnyama. Kwa mtu anayehama kila mwaka, ya pili ni nafuu. Hujui uko ipi? Tafuta namba kwenye kadi ya chanjo au umwombe daktari wa mifugo aisome, kisha iingize kwenye ukurasa wa kukagua chipu. Utaambiwa inatunzwa wapi bila kuonyeshwa majina ya mtu. Ujumbe wa simu unaokutaka ulipe haraka kwa sababu chipu “imeisha muda” usiubonyeze. Chipu haiishi muda. Ingia mwenyewe kwenye kanzidata yako uangalie.

Wapo wanaofuga kwa siri, mwenye nyumba asijue, ndipo wanaandika anwani ya rafiki. Sioni faida yake. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kupekua kanzidata, na siku paka akipotea atakayepigiwa ni huyo rafiki ambaye huenda naye amehama. Andika unapolala. Nafasi ya mtu wa pili wa kupigiwa ndiyo umpe rafiki, hasa kama Desemba unakwenda nyumbani na laini ya Uingereza inabaki imezimwa. Chagua mtu anayepokea namba asizozijua, maana wengi wetu hatupokei.

Mbwa akitoka nje avae pia mkanda shingoni wenye jina na anwani yako. Sheria hiyo ni ya mwaka 1992 na chipu haikuifuta.

Na usingoje kukumbushwa. Kumpa daktari wa mifugo anwani mpya hakubadilishi kitu kwenye kanzidata, kwani hizo ni kumbukumbu mbili tofauti. Ibadilishe mwenyewe wiki ile ile unayopokea funguo.