Karatasi Chini ya Godoro

Barua ya leo imetoka kwa Bibi M. wa Tanga, nami nimeipunguza sana:

"Mimi ni mama wa miaka 36, niliyeacha shule kidato cha kwanza. Nilianza masomo ya jioni, nia yangu niwe muuguzi, na sasa nimefaulu mtihani wa QT, ingawa hisabati bado yanitisha. Dada yangu ataka tufanye karamu ndogo. Naona ni mapema, nikifurahi nitalegea. Matokeo nimeyatia chini ya godoro. Binti yangu alipofaulu kidato cha pili nilipika pilau nikaita majirani. Je, nimkatalie dada?"

Bibi M., ungalikoma kwenye kulegea, ningalisifu hadhari yako, kisha nikakujibu kwa mstari mmoja, kwamba karamu haimlegezi mtu aliyekwisha zoea kusoma usiku. Lakini kalamu ilikuponyoka ikaitaja ile pilau. QT hupima masomo ya kidato cha pili, nayo ndiyo idhini ya mtahiniwa wa kujitegemea asiyepitia mtihani wa kidato cha pili shuleni kujiandikisha kwa ule wa kidato cha nne. Basi jambo ambalo mtoto alilifanya mchana, mbele ya mwalimu, akirudi nyumbani akute chakula kimepikwa, ukalitangazia mtaa mzima, wewe umelifanya usiku kwa macho mazito, ukalifukia chini ya godoro. Hiyo si hadhari, mama, ni haya: waona aibu kuonekana, na umri wako, ukifurahia kilichofurahiwa na mwanao.

Aibu hiyo nitaigombeza bila ya huruma, kwani itikadi yangu, ambayo wasomaji wa safu hii wamekwisha ichoka, ni kwamba mzazi hana urithi bora wa kumwachia mwanawe kuliko kumwonyesha waziwazi namna anavyojifunza. Binti yako, ambaye sina shaka ameiona karatasi ile (nani atandikaye kitanda nyumbani kwako?), amekwisha pata somo jipya: kwamba elimu ina umri wake, na ikimpita mtu huokotwa kwa siri kama mali ya wizi.

Nchi hii haikuwafunza wazee wetu hivyo. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mabibi na mababu walikaa darasani mchana kweupe, wengine wakishika kalamu kwa mara ya kwanza. Na walipopimwa nchi nzima mwaka 1975, mtihani uliwekewa hatua 4, ili aliyeweza kidogo ajulikane kuwa ameweza, asihesabiwe sawa na asiyeanza. Na kwenye chuo cha Kurani je? Ni mzazi gani wa pwani aliyengoja juzuu 30 zitimie ndipo amshukuru mwalimu? Mtoto akihitimu Juzuu ya Amma, aghalabu visheti viligawiwa, ilhali juzuu 29 zingali mbele yake.

Dada yako mkubalie. Pika pilau kwa kipimo kile kile, wala kisipungue hata kibaba, na binti yako ndiye ayasome matokeo mbele ya wageni. Kesho yake rudi kwenye hisabati, na pale inapokushinda umwulize yeye, kwani hiyo nayo nadhani umemficha.