Elimu kwa Umma: Kompyuta Inapogoma Dirishani

"Mfumo umegoma." Maneno hayo mawili, yakitamkwa na mhudumu dirishani, hutosha kumrudisha nyumbani mwananchi aliyetoka kitongojini alfajiri ili kulipia leseni ya biashara. Ugumu ni kwamba maneno hayo hubeba mambo matatu yasiyofanana. Huenda mtandao wa intaneti umekatika. Huenda kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, ambayo aghalabu iko mbali na wilaya, haijibu. Au huenda kompyuta iliyo mezani ndiyo iliyoganda. Mwananchi anayo haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo, kwa kuwa jibu ndilo litakalomwelekeza asubiri kidogo, ahamie dirisha jingine au arudi kesho. Somo la toleo hili linahusu hilo la tatu.

Kila kompyuta huongozwa na programu mama iitwayo mfumo endeshi. Huo ndio unaogawa kumbukumbu na zamu za kazi kwa programu nyingine zote, na kuziunganisha na kibodi, printa na diski. Windows na Linux ni mifumo endeshi, na Android iliyomo katika simu nyingi za mkononi ni mfumo endeshi vilevile.

Mifumo ya zamani iliganda kwa urahisi mno. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, programu ilitarajiwa kuachia zamu kwa hiari yake. Ikikataa, mashine nzima ilisimama, mithili ya lori lililozimika katikati ya daraja jembamba. Windows 95 ilipunguza adha hiyo, ingawa kuta baina ya programu na kiini cha mfumo zilikuwa bado na matundu. Mashine za nyumbani zilipata msingi imara zaidi mwaka 2001, ilipotoka Windows XP, iliyojengwa juu ya kazi iliyoanza na Windows NT ya mwaka 1993. Tangu hapo, programu ya kawaida ikianguka, kwa kawaida huanguka peke yake.

Mbona basi skrini ya buluu haijatoweka? Kwa sababu zipo programu zinazoruhusiwa kufanya kazi ndani ya kiini chenyewe, hususan draiva za vifaa na baadhi ya programu za ulinzi. Kosa likitokea huko, mfumo hujizima kwa makusudi ili usiharibu kumbukumbu. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ilipata mfano wake: sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha takriban mashine milioni 8.5 za Windows. Ndege hazikuruka, hospitali na benki katika nchi kadhaa zilikwama, na kompyuta nyingi zililazimika kurekebishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kampuni zenye mafundi wengi zilihangaika kwa siku kadhaa. Ofisi yenye fundi mmoja isilaumiwe upesi.

Katika ofisi za vijijini sababu huwa za kawaida zaidi: umeme kukatika ghafla, vumbi linaloziba feni hadi mashine kuchemka, diski iliyochakaa, kumbukumbu ndogo isiyomudu programu za leo. Betri ya akiba, ambayo wengi huiita UPS, huzuia mashine kuzimika ghafla umeme unapokatika.

Lipo pia suala la umri. Windows 10 ilikoma kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine hizo zinaweza kuwekewa Linux, ambayo haidai ada ya leseni, mradi programu zinazotumika zifanye kazi humo. Ujumbe wa kosa kwa Kiingereza kigumu, unaofungwa kabla ya kusomwa, nao ni sehemu ya tatizo. Hilo halikosi dawa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi inayozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili.

Matumaini ya mifumo bora yana msingi. Simu nyingi za Android hutunza nakala mbili za mfumo, hivyo sasisho likishindwa, simu hurejea katika nakala ya awali. Microsoft nayo, baada ya tukio la 2024, ilitangaza mpango wa kuziondoa programu za ulinzi kutoka ndani ya kiini.

Kwa mwananchi aliyepo dirishani leo, jambo la kuzingatia ni hili. Taarifa zilizoandikwa mezani kabla ya kutumwa hukaa katika kumbukumbu ya muda, na mashine ikizimika hupotea. Fomu itajazwa upya. Malipo yaliyokwisha kupokelewa hutunzwa kwenye kompyuta kuu, na kuganda kwa mashine ya mezani hakuyafuti. Aliyekwisha kulipa asilipe mara ya pili. Atunze ujumbe wa malipo katika simu yake, ampe mhudumu namba ya kumbukumbu ya malipo, na aombe itafutwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuandaliwa namba mpya.