Anwani Kwanza, Windows Baadaye
Kijitabu cha elimu kwa shule, vikundi na ofisi ndogo za Ntimaru

Mali ya ofisi

Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo ofisi zenye kompyuta kuukuu zina sababu nzuri ya kufuta mashine na kuweka mfumo upya. Siku ya kazi hiyo, picha na nyaraka hukumbukwa, lakini anwani za barua pepe husahaulika. Tunashikilia kwamba orodha ya anwani ni mali ya ofisi, sawa na rejista au kitabu cha fedha. Kwa hiyo jukumu la kuihifadhi kabla mashine haijaguswa ni la mwenye ofisi, wala asimwachie fundi.

Anwani hukaa wapi

Programu ya barua pepe ni kitu kimoja, na anwani zake ni kitu kingine. Thunderbird huziweka katika faili iitwayo abook.sqlite, ndani ya folda iliyofichwa mbali na Documents. Fundi anaweza kunakili Documents na Desktop kwa uaminifu kabisa, na bado anwani zikapotea, kwa sababu hakuna aliyemwambia zilikuwa wapi. Outlook inayopokea barua kwa njia ya POP huziweka katika faili ya .pst pamoja na barua zenyewe. Anayesoma Gmail kwenye kivinjari yuko salama zaidi, maana anwani zake zimo ndani ya akaunti na atazikuta akiingia tena, mradi anakumbuka neno la siri na laini ya simu aliyoisajili bado iko mkononi mwake. Basi kabla kompyuta haijatoka ofisini, uliza: anwani zetu ziko kwenye faili au kwenye akaunti?

Zikiwa kwenye faili, tumia programu yenyewe kutoa orodha kwa muundo wa vCard au CSV, uiweke kwenye flashi, kisha uirudishe programu ikishasakinishwa. Ukichagua CSV, usiifungue kwa Excel na kuihifadhi. Excel huichukulia nambari ya simu kama hesabu, ikaondoa sifuri ya mwanzo na hata alama ya kujumlisha. Ntimaru kosa hilo lina uzito wake, kwa sababu mpaka wa Kenya na Tanzania uko karibu, na Wakuria wanaishi pande zote mbili. Nambari nyingi za Kenya na za Tanzania huanza na 07, hivyo isiyo na +254 au +255 haikuambii kama mwenyewe yuko Kegonga au Tarime.

Zikiwa zimeshapotea

Acha kuitumia kompyuta mara moja, kwa kuwa kila faili mpya inaweza kufunika ya zamani. Kama diski haikufomatiwa, tafuta folda ya Windows.old mapema, kwani Windows huifuta yenyewe baada ya muda. Ikiwa barua zako hubaki kwenye seva, fungua folda ya barua zilizotumwa. Kila uliyemwandikia anwani yake imo humo. Kwa Gmail, ukurasa wa anwani hukuruhusu kuirudisha orodha ilivyokuwa wakati wowote ndani ya siku 30 zilizopita.

Kwani simu haitoshi?

Wapo watakaosema kwamba siku hizi mambo yote hupitia WhatsApp. Kwa salamu na matangazo ya mkutano ni kweli. Hata hivyo, iTax ya KRA hutuma taarifa zake kwa barua pepe, na wafadhili na wauzaji wa vifaa vya shule hutaka maandishi yanayoweza kuwekwa kwenye faili. Isitoshe, WhatsApp iko kwenye simu ya mtu. Mweka hazina akimaliza muda wake au mwalimu akihamishwa, huondoka na nambari zake, na anayepokea kiti huanza upya.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: nakala ya anwani ikiokotwa, siri za watu zimetoka nje. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatazama pande zote mbili. Inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na miongoni mwa hatua inazotaja ni uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya hitilafu. Kukosa nakala hakuwezi basi kuitwa ulinzi. Kinachofaa ni nakala chache zinazojulikana zilipo: flashi moja yenye neno la siri, iliyofungiwa kabatini na risiti na mihuri. Ukitumia kompyuta ya saiba, futa faili na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Nani afanye, na lini

Ofisi imteue mtu mmoja wa kutoa nakala kila mwisho wa muhula au robo ya mwaka, na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kisha mtu wa pili aifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na kuhakikisha majina, anwani na nambari zimekamilika. Hapo ndipo fundi aitwe.