SOMO: YALIYOZOELEKA NA YALIYO MAPYA KATIKA ORODHA ZA SIMU



Mtu akitoka zamu hufungua simu asikilize muziki au asome habari. Kabla hajatafuta kitu, amekwisha wekewa orodha: sikiliza huu, tazama hii, nunua hiki. Orodha hiyo haikuota yenyewe kama uyoga. Imepangwa na programu ya kompyuta, na programu imeandikwa na watu kwa amri ya kampuni. Katika somo hili tutachunguza swali moja: programu hiyo itupe tuliyoyazoea, au itupe mapya?

1. Mfano wa nyapara

Tuanze na jambo tunalolijua. Asubuhi watu arobaini wamesimama shambani wakitafuta kibarua, na nafasi ni kumi. Nyapara anawajua kumi ambao jana walichuma vizuri. Akiwachukua haohao kila siku, kazi ya leo haina hasara. Lakini kijana aliyefika jana hapati kamwe nafasi ya kuonyesha mikono yake. Huenda ni hodari kuliko wote. Nyapara hakumpima akamwona hafai, hakumpima kabisa.

Tuseme sasa kwamba nyapara anachukua wageni kumi kila asubuhi. Atajifunza mengi, lakini jioni mizani itamwumbua. Nyapara mwenye busara huchukua wanane anaowajua na wawili asiowajua, akaangalia vikapu vyao jioni.

Swali hili ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1933 William R. Thompson aliandika juu ya matibabu mawili: tumpe mgonjwa lile linaloonekana bora mpaka sasa, au lile lisilojulikana vizuri? Jibu lake lilikuwa kwamba kila moja lipewe nafasi kwa kadiri ya uwezekano wa kuwa ndilo bora. Basi lile lenye shaka halifungiwi mlango, wala halipewi shamba zima. Njia hiyo inatumika hata leo katika programu za kupanga orodha.

2. Kinachoonekana ndicho kinachochaguliwa

Mwaka 2006 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, yaani Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walitangaza matokeo ya jaribio. Walikusanya nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana, wakapata watu 14,341 wa kuzisikiliza katika intaneti. Baadhi ya watu walichagua bila kuona wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila kundi liliona hesabu ya nyimbo zilizochukuliwa na watu wa kundi lake tu.

Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini washindi hawakuwa walewale. Wimbo mmoja, "Lockdown", ulikuwa wa 26 kwa wale waliochagua peke yao. Katika kundi moja ulikuwa wa kwanza, na katika kundi jingine ulikuwa wa 40. Ni kweli kwamba nyimbo nzuri sana hazikuanguka mara nyingi, wala mbovu sana hazikupanda mara nyingi. Lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilitegemea sana waliotangulia waligusa nini.

Funzo ni hili: orodha inayoonyesha tu kilichokwisha pendwa hujilisha yenyewe. Aliye juu huonekana, akionekana huchaguliwa, akichaguliwa huzidi kuwa juu. Aliye chini hana hatia, ila hakuonekana.

3. Mapya matupu nayo hayafai

Tusikimbilie kusema basi mapya tu. Mwaka 2015 kampuni ya muziki ya Spotify, yenye asili ya Sweden, ilianza kumpa kila msikilizaji orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu. Nia ilikuwa kumpa nyimbo ambazo hajazisikia. Matthew Ogle, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, amesimulia kwamba kosa katika programu lilipitisha nyimbo chache ambazo watu walizijua tayari. Walipolisahihisha kosa, usikilizaji ukapungua. Wakaelewa kwamba wimbo mmoja wa kuzoeleka humfanya mtu aiamini orodha, na akiiamini hukubali kuusikiliza mgeni.

Hata sisi, mwenzetu mpya tunamkaribisha upesi zaidi akiletwa na mtu tunayemjua.

4. Namna ya kuchanganya

Mwaka 2010 wataalamu wa kampuni ya Yahoo, wakiongozwa na Lihong Li, walieleza njia yao ya kuchagua habari za ukurasa wa mbele. Habari ambayo haijajaribiwa vya kutosha kwa wasomaji wa aina fulani iliongezewa alama ili ipate kuonyeshwa. Ikishaonyeshwa na watu wasiiguse, nyongeza hiyo hupungua nayo habari hushuka. Njia hiyo ilipata miguso zaidi kwa asilimia 12.5 kuliko njia isiyotazama tofauti za wasomaji.

Lakini tuangalie kilichopimwa: ni miguso. Mguso hauonyeshi kwamba habari ni ya kweli, wala kwamba ilimfaa msomaji.

5. Jambo hili linatuhusu vipi?

Wako wenzetu wanaotafuta abiria, wateja au vibarua kwa njia ya orodha hizi. Fundi mpya hana nyota za sifa. Kwa kuwa hana nyota haonyeshwi. Kwa kuwa haonyeshwi hapati nyota. Huyo ni yule kijana wa shambani. Kiasi cha nafasi anachotengewa mgeni ni uamuzi wa mtu, si wa mashine, na uamuzi wa mtu unaweza kuulizwa.

Umoja wa Ulaya umekwisha uuliza. Sheria yake ya mwaka 2022 inazitaka kampuni za mitandao zieleze mambo makuu yanayopanga orodha zao. Zile kubwa sana lazima zimpe mtumiaji angalau njia moja ya kupangiwa orodha bila kutumia maelezo yaliyokusanywa juu yake.

Nasi, tusingoje kuletewa. Tutafute kitu kwa jina lake. Mwenzetu anayeanza kazi tumwandikie sifa anazostahili, maana nyota ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Na tangazo la mkutano lipitishwe mkono kwa mkono pia, lisiachiwe orodha peke yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kazi yenu, nani huamua mgeni apewe nafasi, na kwa kipimo gani?
2. Orodha ya simu yako jana ilikuwa na mambo mangapi mapya? Uliyagusa? Kwa nini?
3. Kama tungeulizwa, tungetaka orodha ipime nini badala ya miguso?