Dawa ya Unga ya Mtoto: Maji Yafike Kwenye Alama

Mzazi anayetoka kwenye dirisha la dawa akiwa na chupa ya amoxicillin ya mtoto mara nyingi hubeba unga mkavu, kwa kuwa dawa hiyo haidumu ikishalowa. Kuichanganya ni kazi ya mhudumu wa famasia, lakini si mara zote hufanyika pale dirishani. Mkazi ana haki ya kuomba ichanganywe mbele yake.

Tuseme chupa ni ya mililita 100, na imeandikwa miligramu 125 kwa mililita 5. Ndani mna miligramu 2,500 za dawa. Maji yakiishia mililita 80, kila mililita 5 itabeba takriban miligramu 156. Yakipita hadi 120, zitakuwa 104 hivi, na mtoto mwenye nimonia atapunjwa dawa kila anapokunywa.

Anayechanganyia nyumbani agonge chupa kwanza ili unga uachane. Maji yawe yamechemshwa na kupoa kabisa. Atie kiasi, afunge, atikise, kisha aongeze polepole hadi kwenye alama. Povu hudanganya macho, kwa hivyo lisubiriwe litulie, chupa ikiwa mezani. Kupima mililita 100 za maji kando na kuzimimina zote ni kosa, maana unga nao huchukua nafasi.

Kisha kuna kijiko. Kijiko cha dawa ni mililita 5, ila vijiko vya chai vya jikoni havilingani. Sirinji isiyo na sindano ndiyo ya kuaminika.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye paracetamol. Dawa ya maji ya kawaida huwa na miligramu 120 kwa mililita 5, lakini yale matone ya watoto wachanga huwa na miligramu 100 kwa mililita 1 tu. Anayepima mililita 5 za matone anampa mtoto miligramu 500, zaidi ya mara nne. Chupa zikifanana, isomwe lebo.

Dawa ya unga ikishachanganywa, tarehe iandikwe kwenye chupa. Nyingi hutumika kwa siku 7, nyingine hadi 14 zikiwekwa kwenye friji, kulingana na lebo. Itikiswe kabla ya kila kipimo, kwani dawa huzama chini. Itakayobaki asipewe mtoto mwingine. Irudishwe kwenye famasia.