Umehamia Lushoto? Ishi Nao Hivi

Gari likiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kuparamia kona za Soni, joto hubaki chini na abiria huanza kuulizana majina. Safari ni ya kilomita thelathini na kitu tu, lakini ukishuka stendi ya Lushoto kuna mtu atakuwa ameshajua unakwenda kufundisha shule gani. Vidokezo hivi ni vya mwalimu, nesi au karani aliyepangiwa kituo huku, na vya mstaafu aliyechoshwa na joto la Dar es Salaam. Aliyepelekwa Makete au Mbulu naye vitamfaa, abadilishe majina ya vilima tu.

1. Salimia mpaka mwisho

Mjini "mambo" na "poa" vinatosha. Huku salamu ina hatua zake. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani atakusimamisha hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"
"Salama, za kwako?"
"Nzuri. Wa kwenu huko Mwanza hawajambo?"
"Hawajambo, wanakusalimu."
"Haya, nenda salama."

Yeye ndiye mwenye mzigo, na hakukatisha. Wewe mwenye begi la kompyuta utakatisha kwa haraka gani? Toka nyumbani mapema kidogo, na vile vidude vya masikioni viache mfukoni mpaka ufike kazini. Kisha mwombe jirani akufundishe salamu ya Kisambaa. Utaikosea na watacheka sana, na kuanzia kesho yake watoto watakuwa wanakuita kwa jina.

2. Jipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji

Nenda wiki ya kwanza, ukiwa huna shida yoyote. Siku moja utataka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, au muhuri kwenye fomu ya kitambulisho cha Taifa, au kumwekea mtu dhamana. Mwenyekiti anayekufahamu huandika barua hiyo hapo hapo juu ya goti. Asiyekufahamu ana haki ya kukuuliza wewe ni nani, unaishi nyumba ya nani, na kwa nini hajawahi kukuona kwenye mkutano.

3. Michango ina daftari

Hapa wageni wengi ndipo wanapojikwaa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila eneo lina kikundi chake cha kufa na kuzikana. Kina mwenyekiti, mweka hazina na daftari la mistari lenye jalada lililoanza kuchakaa. Ndani yake kuna majina upande wa kushoto na kiasi upande wa kulia, na pengine alama ya vema kwa aliyefika mwenyewe. Hilo daftari halitupwi. Ukifiwa, au ukiuguliwa na mtoto usiku, litafunguliwa. Jiunge mapema, maana vikundi vingi humtaka mwanachama mpya achangie kwa muda kabla ya kuhesabiwa.

Msiba ukitokea, usitume pesa kwa simu ukadhani umemaliza. Pesa watapokea, ila watakukumbuka kama yule aliyetuma. Nenda. Wanaume huchimba kaburi na kupasua kuni, wanawake hupika na kuchota maji, na hakuna anayeulizwa cheo chake. Kilo mbili za maharage mkononi zinatosha kabisa. Wenyeji wengi ni Waislamu, na mazishi yao hayakawii, mara nyingi ni siku hiyo hiyo. Ukisema utaonekana Jumamosi, umeshachelewa. Walutheri nao ni wengi, na ibada yao huchukua muda, basi jipange. Kanga ya akiba kabatini kwa mama, kofia kwa baba.

Harusi ni habari nyingine. Kadi za mchango zitakuja kwa wingi, hasa wakijua mshahara wako unaingia tarehe ngapi, na wanajua. Kwa maoni yangu, hapo una ruhusa ya kuchagua: toa kikubwa kwa jirani wa ukuta na kwa mfanyakazi mwenzako, toa kidogo kwa wengine, na usijione mkosaji. Ukikwepa harusi watu watasema wiki moja. Msiba ukiukwepa, jambo hilo litakuwa bado linasemwa siku utakayopata uhamisho.

4. Dukani

Utakopeshwa sukari na mkate kabla hujaomba. Lipa siku uliyosema, hata kama ni nusu yake. Mwenye duka hatakusema kwa ubaya, atawajibu tu wanaomuuliza.

5. Siri zako zihesabu kuwa zimekwisha

Ukinunua kitanda cha futi sita saa nne asubuhi, saa sita utaulizwa mkeo anafika lini. Usikasirike. Mtu akitaka kujua habari zako, mpe moja unayotaka isambae, naye ataridhika na hatakwenda kutunga yake.

La hatari ni upande wa pili, yaani wewe kusimulia habari za watu. Huku ukoo umesukwa. Yule fundi unayemlalamikia kwenye kijiwe cha kahawa ni shemeji wa mwenye nyumba wako, na anayekumiminia kahawa ni mtoto wa dada yake. Jibu linalofaa kwa umbea wa aina zote ni "Mimi hata sijasikia," ukisema hivyo huku unaangalia bao.

6. Gawa ulichonacho

Kabla hujasema wenyeji hawapokei wageni, kumbuka habari za Mbegha. Masimulizi ya Usambaa yanasema alikuwa mwindaji kutoka Nguu, mgeni kabisa, aliyeua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Nao wakampa vyakula vya shambani. Mgeni huyo ndiye aliyekuja kutawalishwa Vuga, na ukoo wake wa Wakilindi ukashika nchi hii ya milima kwa vizazi. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi.

Wewe hutatawalishwa. Lakini ukijua kutengeneza redio, kupima presha au kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi, watu wajue. Ukiletewa bakuli la peasi au plamsi na jirani, usilirudishe tupu.

7. Konda ni posta yako

Dawa imesahaulika Tanga, au spea ya pikipiki iko Mombo? Piga simu, mzigo apewe konda, nawe ukaupokee stendi. Andika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, mpe konda chochote, na usimcheleweshe. Msimu wa mvua kubwa udongo unaweza kuporomokea barabarani, basi likalala njiani na mzigo wako ukalala nalo. Kwa hiyo dawa usisubiri ziishe.

8. Shamba usinunue kwa haraka

Ardhi ya Usambara ni finyu na watu ni wengi. Ukiona shamba linauzwa bei ya kutupa, uliza ndugu wa muuzaji wako wangapi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia; karatasi mliyoandikishana wawili mgahawani haikufikishi popote. Tembea mpakani na majirani wote wa pande nne, waonyeshe masale yalipopandwa, na mke wa muuzaji awepo pia, asikie kwa masikio yake.

9. Sweta

Mbili. Juni haitanii.

10. Baki Jumamosi na Jumapili

Wapo watumishi ambao Ijumaa jioni wako kwenye gari la Tanga, na baada ya miaka mitano bado wanaitwa wageni. Harusi, msaragambo wa barabara na mikutano ya wazazi vyote huangukia siku hizo. Ukilazimika kusafiri, mwage jirani na umwambie unarudi lini. Atakuangalizia kuku na kumfukuza mbuzi wa watu kwenye kabichi zako.

Na huyo mbuzi akizikuta kabichi, usianzie polisi. Mtafute mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, mweleze, umwachie ayaongee anavyojua. Atachukua siku tatu na hatataka pesa. Mpelekee kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai.